Mbuzi Ndani ya Gari la Bendi

Mwaka ule wa mahindi ya njano, Wakamba waliipa njaa jina: Nikw'a ngwete. Maana yake, nakufa nazo mkononi. Pesa unazo, umezifumbata, na duka halina kitu cha kukuuzia. Sasa kama kuna mtu ambaye jina hilo lilimkaa sawasawa, alikuwa Kiilu, mpiga solo wa Kambu Vumbi Band. Mfuko wake haukuwa mtupu hata kidogo, na bado mama mkwe wake alikuwa anakufa njaa kwenye baraza yake, mbele ya sahani ya ugali.

Wala hakunyimwa. Alikataa mwenyewe.

Mama huyo, Nzilani, alitoka kwake Nuu baada ya ng'ombe wa mwisho kuanguka na shamba kuwa vumbi tupu. Alitembea, akaomba lori, akatembea tena, mpaka akafika Kambu, kando ya barabara ya Mombasa, kwa binti yake Kasyoka akiwa mifupa na kitambaa cha kichwa. Kasyoka akalia, akamkumbatia, akasonga ugali haraka haraka. Nzilani akakaa kwenye baraza, akaupa mlango mgongo, akasema anataka maji tu.

"Mwaitu, mama yangu, kula," Kasyoka akamwambia.

"Hii nyumba ni ya nani?"

"Si ni yangu."

"Yako na nani?"

Kasyoka akamsogezea sahani. Alijua maneno yanaelekea wapi.

"Ntheo yangu haijakuja," Nzilani akasema. "Mama hakuli kwa mtu ambaye hajaleta ntheo. Nikikula hapa nitakuwa nimekula nini? Nitakuwa nimekuuza kwa sahani ya ugali."

Ntheo ni mbuzi watatu. Kwa Wakamba, mbuzi hao wasipofika kwa wazazi wa msichana, hakuna ndoa, hata kama watu wamezaa na kulea. Mahari mengine hungoja, hata miaka. Ntheo haingoji. Na Kiilu, aliyeweza kulifanya gitaa licheke na kulia katika wimbo mmoja, hakuwahi kupeleka hata pembe.

Wakati huo alikuwa ndani, nyuma ya pazia, amejibana. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hiyo ndiyo nthoni, heshima yenyewe, kwa hivyo kila neno lilimpitia Kasyoka ingawa nyumba ilikuwa ndogo na kila mtu alisikia kila kitu.

"Mwambie nilituma redio," Kiilu akanong'ona. "Na blanketi. Na pesa kwa posta, mara nyingi."

"Anasema alituma redio..."

"Nimemsikia. Mwambie hiyo redio baba yako aliisikiliza mpaka betri zikaisha, na baba yako mwenyewe akaisha. Mbuzi hana betri. Mbuzi angezaa."

Kiilu akashika kichwa. Haki ya Mungu, alidhani amelipa! Alikuwa kijana wa barabara ya Mombasa, akaona mbuzi ni mambo ya kizamani, akatuma kitu cha kisasa chenye mkanda wa ngozi. Mzee alipopokea hakurudisha neno, na Kiilu akachukulia kimya kile kuwa ndiyo. Kosa hilo vijana wengi walilifanya miaka ile, ila wengi wao mama wakwe hawakuwajia na njaa.

*

Kesho yake Kagure akaingilia kati. Kagure na mumewe Mathenge walikuwa Wakikuyu waliohamia Kambu zamani, wakafungua duka na hoteli ya chai kando ya barabara, na bendi ilipiga kwenye ukumbi wao kila mwisho wa wiki. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na moyo mkubwa kuliko duka lake.

"Haiya! Mama mzima afe hapa kama kuku?" akasema. "Mama, twende kwangu. Mimi si mkwe wako. Kwangu utakula?"

"Kwako nitakula," Nzilani akakubali, na Kasyoka akashukuru.

Sasa, Kagure hakuwa na unga. Rafu za duka lao zilibaki na chumvi na viberiti. Unga ulitoka kwa Kiilu, ambaye hakuununua popote pia. Aliletewa na madereva wa malori. Madereva hao walikuwa na tabia moja: wakifika Kambu Jumamosi walizima injini, wakaingia ukumbini kungoja ule mwisho wa wimbo, pale mwimbaji wao Musembi anapoacha kuimba, ngoma inapokaza, na solo la Kiilu linatoka peke yake, linapanda, linarudi, linapanda tena, na watu wanapiga kelele kana kwamba mvua imenyesha. Mtu akishachezeshwa namna hiyo hataki mpigaji wake alale njaa. Walimwachia vifuko vya unga wa njano bila kuombwa, na Kiilu alivipokea kwa mikono miwili kila mara.

Basi unga ukawa unapita uani, Kasyoka anampa Kagure, Kagure anapika, Nzilani anakula. Uso ukaanza kurudi. Lakini mama yule njaa ilimpunguza mwili tu, haikumgusa akili.

"Kagure," akasema siku moja sahani ikiwa mapajani, "watoto wako wanakunywa uji mwepesi. Mimi nakula ugali. Huu ugali unatoka wapi?"

Kagure, wa maneno mengi, akajitia kuchochea moto.

"Ni wa huyo wa gitaa," Nzilani akajijibu.

"Mama, njaa haina..."

"Umenitendea mema. Mungu akulipe," Nzilani akasema, akaisukuma sahani polepole bila hasira. "Lakini mumenipitisha mlango wa nyuma wa nyumba ile ile."

Na hakula tena. Siku iliyofuata hakuinuka kwenye mkeka. Kagure alitoka hapo mbio, akamkuta Kiilu anapangusa gitaa lake jekundu, akamfokea mbele ya majirani.

"Wewe! Unapangusa nini? Huyo mama atakufa, na watasema amekufia Kambu kwa sababu ya mwanamuziki! Tafuta mbuzi!"

"Mbuzi nitatoa wapi, Kagure? Pesa ziko, zione!" Kiilu akageuza mfuko nje. "Nimeenda Kibwezi, nimeenda mpaka mtoni. Waliobaki na mbuzi hawauzi."

"Basi omba. Iba. Mimi sijui!" akasema Kagure, akafuta machozi kwa aproni.

*

Mbuzi walikuwa Kambu penyewe, ila hawakuwa wa kuuzwa. Lori dogo la Bulle, mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini, lilikuwa limevunja ekseli karibu na kituo cha mafuta, na ekseli nyingine ilikuwa ingali Nairobi. Bulle alikuwa amewafunga mbuzi wake kwenye kivuli cha lori akiwanywesha maji kwa karai. Wengine walikuwa wameshalala ubavu.

Kiilu akatoa pesa. Bulle akacheka kicheko cha mtu aliyechoka.

"Warya, pesa! Wallahi jana mbuzi mmoja alikula noti ya shilingi ishirini mfukoni mwangu. Hakushiba. Hawa wana mwenyewe Mombasa, yeye anangoja. Kila lori linalopita limejaa. Wewe unataka wa nini?"

Kiilu akamweleza. Aliona aibu kueleza, mwanamume mzima, jina lake linatajwa redioni kipindi cha Kikamba, lakini alieleza yote, na redio ya betri pia. Bulle akaacha kucheka.

"Mama wa mke wako? Yuko hapa? Na hali kitu?"

"Hali kitu."

Bulle akamtazama, akalitazama gari la bendi lililoegeshwa mbele ya ukumbi, kombi kuukuu iliyoandikwa ubavuni kwa rangi ya njano KAMBU VUMBI BAND.

"Ile inatembea?"

"Inatembea."

"Nibebee mbuzi mpaka Mombasa. Mimi nitakupa watatu, na nitamwambia mwenyewe nimelipa nauli. Lakini ni leo, sio kesho. Kesho nitakuwa nauza ngozi."

Kesho alfajiri ndipo bendi ilikuwa inaondoka kwenda Nairobi. Studio ilikuwa imewapa siku moja ya kurekodi, rekodi yao ya kwanza, baada ya miaka ya kupigia walevi na vumbi. Mwenye studio aliwahi kupita Kambu, akasikia ule mwisho wa wimbo, akasema maneno ambayo Kiilu alikuwa akiyarudia kichwani kila akilala: nileteeni huyo wa solo.

*

Musembi, kiongozi wa bendi na mpiga besi, alikuwa mtu mzima kuliko wote na mwenye hasira za karibu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akalipuka.

"Nilikuambia! Nilikuambia au sikukuambia? Peleka mbuzi, Kiilu. Ukasema, aah, redio ni ya kisasa. Mimi nilipeleka zangu kabla hata sijajua besi ina nyuzi ngapi!"

"Ulinambia."

"Na studio je? Wewe ndio rekodi yenyewe! Sisi wengine tunakushikia mdundo tu."

"Mwanthi atapiga solo." Mwanthi alikuwa mpiga gitaa wa pili, kijana mpole, mwenye mkono mzuri.

"Mwanthi hawezi ule mwisho."

"Basi mtaufupisha."

Neno hilo lilimtoka Kiilu kama jino. Ule mwisho aliutunga yeye, kidole kwa kidole, mwaka mzima, akipiga mpaka ncha za vidole zikapasuka. Musembi akatembea mpaka ukutani, akarudi. Alikuwa na mama yake mzazi kule kwao Kitui, na hakujua siku ile kama amekula.

"Kwani sisi ni watu gani," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Chukua gari. Sisi tutapanda basi na magitaa, ngoma wanazo huko. Na uioshe kabla sijarudi, unasikia? Sitaki kuimba mapenzi nikinuka beberu."

Akamtupia ufunguo. Kiilu akaudaka, akasema asante, akasema tena, mpaka Musembi akamfukuza.

Ilimuuma, tusidanganyane. Alipokuwa anateremsha vipaza sauti na kung'oa viti, alimwona Mwanthi ameketi pembeni anajaribu ule mwisho na kukwama pale pale kila mara. Kiilu akaacha viti, akaenda, akamshika mkono.

"Hapo usikimbilie. Kidole kidogo kitangulie, hiki kingine kitafuata chenyewe. Eeh. Tena."

Akamfundisha jua likimwangalia na Bulle akipiga honi. Akampa na gitaa jekundu. Kisha akabadilisha nia, akalirudisha. "Hapana, pigia lako. Hili limenizoea mimi," akasema, na wote wawili wakacheka, maana ulikuwa wivu na hakuuficha.

*

Kabla ya kuondoka, Bulle aliwatenga watatu akawafunga uani kwa Mathenge. Hakumruhusu Kiilu kuchagua. "Wewe una haraka," alisema. "Mbuzi wa harusi hawachaguliwi na mtu mwenye haraka." Akatoa wazuri kuliko wote waliobaki, kikiwamo kijike kimoja chenye mimba.

Halafu wakajazana, mbuzi zaidi ya ishirini mahali pa wanamuziki saba. Vichwa vilitoka madirishani. Mmoja alisimama katikati ya Bulle na Kiilu kama kondakta. Walipopunguza mwendo Mtito Andei, watu waliokuwa wanaijua kombi ile kwa dansi wakaikimbilia, wakaona ndevu.

"Kiilu! Ni bendi mpya hiyo?"

"Nani anaimba?"

"Yule mweusi wa nyuma!" Kiilu akawajibu, na akajilazimisha kucheka nao. Vijana wakamlilia meeee mpaka gari lilipopotea. Jina lake lote, sifa zote za Jumamosi, zikawa meeee. Mbele kidogo akagundua kuwa shati lake la jukwaani, lile la mikono mipana, lilikuwa limesahaulika nyuma ya kiti, na mkono mmoja ulikuwa umeshaliwa.

"Pole," Bulle akasema.

"Acha ale. Angalau huyu anakula kwangu," Kiilu akajibu, na hapo Bulle ndipo alicheka kweli.

Mbuzi wote walifika Mombasa wakiwa hai. Bulle alimhesabia mwenye mbuzi, akarudi na Kiilu Kambu kulingoja lori lake. Walipoiona Kambu, jua limeshapanda, bendi ilikuwa studio Nairobi. Kiilu aliitazama saa yake, akaitazama mara moja tu, akaivua na kuitia mfukoni.

*

Wakamkuta Kagure anamenyana na Nzilani, kwa maneno.

"Mbuzi ndio hao uani, mama. Waone! Si ukule sasa?"

"Ntheo hupelekwa kwa mama," Nzilani akasema kutoka kwenye mkeka, sauti kama karatasi. "Mimi kwangu ni Nuu."

"Nuu! Safari yote hiyo? Utafika ukiwa maiti!" Kagure akapiga paja. "Basi hiki chumba nilichokulaza ni chako. Nakupangisha. Mlango wako, mkeka wako. Hapa ndio Nuu."

Mama akafikiri. Kila mtu alingoja, hata Mathenge aliacha wateja akaja kusimama. Nzilani akanyosha mkono, akavuta kiondo chake alichokuwa amekifuma mwenyewe kwa mkonge, kitu pekee cha maana alichotoka nacho nyumbani, akamsukumia Kagure.

"Kodi," akasema. "Sikai bure kwa mtu."

Kagure alitaka kukataa, Mathenge akamkanyaga mguu. Akakipokea.

"Sasa ni kwangu. Wazee wa huyo kijana wako wapi? Mbuzi hawajileti wenyewe."

Hapo pakawa na shida nyingine. Baba yake Kiilu alikuwa amekufa, wajomba walikuwa mbali, Musembi alikuwa Nairobi. Bulle akafuta vumbi kwenye kikoi chake, akachukua kamba za wale mbuzi watatu, akaenda akasimama mlangoni.

"Mama, mimi ndio baba yake leo."

"Wewe ni Msomali."

"Ni kweli mama."

"Ni wa mbari gani?"

"Mbari ya mbuzi, mama. Tangu babu yangu. Nimemwona kijana wako akibanana na mbuzi njia nzima kwa ajili yako, na shati lake wamelila, na hakulia. Kwetu pia mama wa mke ni mtu mkubwa. Huyu wa kwanza ni wa kukuomba msamaha. Huyu ni wa asante. Huyu ana mtoto tumboni, ni wa kesho."

Nzilani akawatazama mbuzi mmoja mmoja.

"Njaa imekula wazee wetu," akasema. "Aliyesimama na mbuzi ndiye mzee. Nimepokea."

Kiilu, aliyekuwa nyuma ya gari asionwe, akakaa chini kwenye vumbi palepale. Asante, Mungu, akasema kwa sauti. Asante. Kasyoka akapiga kigelegele, akaingia kwa mama yake akikimbia. Mbuzi mmoja akachinjwa, Bulle ndiye aliyeshika kisu, na Kagure akapika supu akamlisha mama kijiko kwa kijiko, akimkemea asiharakishe tumbo lililosahau kazi. Nyama ikagawanywa kwa majirani wote. Watu ambao hawakuwa wameonja nyama tangu mvua ikatae walirudi kushukuru wakilamba vidole.

*

Musembi na wenzake walirudi Jumapili. Rekodi ilikuwa imepigwa. Mwanthi aliupiga ule mwisho, si wote, ila alipita pale pa kidole kidogo bila kukwama, na mwenye studio akampenda, akambakisha Nairobi kumpigia watu wengine. Musembi aliyasema hayo akitazama gurudumu la gari.

"Alikumbuka kidole kidogo," Kiilu akasema.

"Alikumbuka. Alisema kwa mashine, mbele ya wote, hii nilifundishwa na Kiilu wa Kambu. Wakaikata hiyo sehemu, lakini alisema."

"Basi sawa. Nashukuru." Na alishukuru kweli. Miaka iliyofuata alirekodi pia, watu wakamjua mpaka pwani, lakini ile rekodi ya kwanza iliendelea kuuzwa na solo la mtu mwingine. Alipoulizwa alisema alikuwa safarini.

Alasiri ya Jumapili ile Kasyoka alimjia nyuma ya chumba cha Nzilani, alipokuwa anaiosha kombi.

"Mama anauliza, ni kazi gani hii ya gitaa iliyokufanya usahau mbuzi. Anasema hajawahi kukusikia."

"Atanisikiaje? Mama mkwe aje dansi?"

"Anasema upige. Yeye atakaa ndani akupe mgongo, na sahani ya ugali wako mapajani."

Kiilu akaleta gitaa jekundu, akaketi juu ya debe, akaegemea ukuta wa mabati. Vipaza sauti vilikuwa bado vimefungwa stoo, na gitaa la umeme bila umeme ni kitu kidogo sana, sauti yake haizidi ya nzi kwenye chupa. Akapiga wimbo, na alipofika kwenye ule mwisho hakuufupisha. Akasikia ndani stuli ikiburutwa. Ikaburutwa tena, karibu zaidi, mpaka mabati yakamsukuma mgongoni, na akajua mama ameegemea upande wa pili, mgongo kwa mgongo, anatafuta kusikia. Akapiga upya kutoka mwanzo, polepole, kila uzi mahali pake, na mikono yake haikuwahi kupiga vizuri hivyo, si kabla wala baada.

Alipomaliza, Nzilani akamwita binti yake. Mkwe haguswi, kwa hivyo mama akamwambia Kasyoka akinge viganja, akavitemea mate kidogo, kama wazee wanavyobariki, akasema maneno ambayo Kiilu hakuyasikia.

Kasyoka akatoka nje akiwa amefumba mikono, anatembea kwa uangalifu kama mtu aliyebeba maji. Akapiga magoti mbele ya mumewe, akamshika vidole vyote kumi, akavipaka kimoja kimoja. Kiilu, ambaye hakulia Mtito Andei wala kwa habari ya rekodi, akalia kama mtoto.

"Amesema nini?" akauliza.

"Amesema vidole hivi visikose kazi," Kasyoka akajibu. "Na amesema upige tena. Bado anakula."